Wazo la Leo: Barua ya Shangazi

Mwaka 1834 mwanaastronomia John Herschel alikuwa Rasi ya Tumaini Jema na darubini yake ya futi 20, akipekua anga la kusini ambalo kwao Uingereza halionekani lote. Shangazi yake Caroline, naye mwanaastronomia, mwenye miaka 80 na ushei, alikuwa Hanover, Ujerumani. Barua zao zilisafiri kwa merikebu, miezi kadhaa baharini.

Bibi huyu hakutuma salamu tu. Alikumbuka usiku wa zamani, yeye akiandika, kaka yake William, babake John, akiwa kwenye darubini. William alikuta katika kundi la nyota la Nge mahali peusi pasipo nyota hata moja, kama tundu mbinguni. Hebu patazame vizuri, akamhimiza John. Mashangazi, bwana, hawasahau!

John akatazama, akamjibu: sehemu tupu zipo, tena nyingi. Leo tunajua ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota za nyuma. Na Caroline mwenyewe? Mwaka 1835 chama cha wanaastronomia cha London kikampa uanachama, ila wa heshima tu. Wanawake walisubiri uanachama kamili hadi 1916.