Je, Kuutunza Mwili ni Kujipenda Nafsi?

Liko swali ambalo waalimu na wazee wa sharika huulizana kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu: mtumishi akipumzika, akila kwa wakati, akienda hospitali kabla homa haijamlaza, je, hajipendi nafsi yake kuliko kazi aliyopewa?

Wengi hujibu kwa matendo yao kwamba ndivyo. Mwalimu huzunguka mitaa mchana kutwa na njaa, usiku hukesha kwa wagonjwa, asubuhi husimama mbele ya watoto na kichwa chamuuma. Watu husema, Huyu ndiye mwenye bidii. Walakini sifa hizo zaweza kumwua mtu.

Tukumbuke habari za mwaka 1530. Philipp Melanchthon alikuwa Augsburg akiliandika Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Luther hakuweza kufika huko, kwa maana alikuwa chini ya hukumu ya dola tangu 1521. Akakaa katika ngome ya Coburg. Kutoka huko alimwonya rafiki yake kwa ukali autunze mwili wake, asije akajiua kwa kazi, kisha akadai kwamba amemtii Mungu. Tena alimfundisha ya kuwa kupumzika nako ni ibada. Wala Luther hakuwa mvivu: huko huko ngomeni aliendelea kuwafasiri manabii, ingawa kichwa kilimsumbua sana.

Onyo hilo lina msingi gani? Amri ya tano yakataza kuua, na mwili wangu haukutengwa na amri hiyo. Sikuuumba, wala sikuununua, ni amana. Mtu aliyeazimwa jembe, akalipiga juu ya mawe hata likavunjika, hawezi kujisifia bidii yake mbele ya mwenye jembe. Tena hasara si yake peke yake: mkewe, watoto na darasa lake wote huangukiwa. Na asiyeweza kupumzika kamwe, mara nyingi hudhani kwamba kazi ya Mungu yasimama kwa mikono yake. Hicho ni kiburi kilichovaa nguo za unyenyekevu.

Huenda mvivu akafurahi kusoma haya. Asifurahi! Mvivu hupumzika asije akachoka. Mwenye busara hupumzika kwa kuwa amechoka, apate kurudi kazini.

Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, na mara ya pili vivyo hivyo. Ndipo ikaja safari ya Horebu.

Basi, ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chemsha maji ya kunywa, lala ndani ya chandarua, usiidharau homa ya siku ya kwanza, tenga siku moja ya juma uiache kazi. Nanyi wazee wa usharika, msimsifu tu mwalimu aliyechoka, mpokeeni zamu.