Mwenye Kuipitisha Khabari ni Msemaji Wake

Katika maswala yatupasayo kuyafikiri zama hizi ni hili: mtu akiletewa khabari katika simu yake, naye akaipeleka kwa wengine bila ya kuongeza wala kupunguza hata herufi moja, je, amesema neno au hakusema? Wengi wetu hapa Likoni, Kisauni na Changamwe hujibu kwa vitendo vyao yakuwa hakusema. Huituma khabari kwa watu mia, kisha huandika chini yake, "Nimeletewa hivi hivi," na kwa maneno hayo huona dhima imemwondokea. Mimi si mwanasiasa wala si mwanachuoni. Ni raia kama raia wengine, navuka kivuko, nalipa kodi na kupiga kura. Lakini naona yakuwa jawabu hilo si sawa, na khasara yake imekwisha kutufikia majumbani.

Mwaka 1932, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa, maneno yale yalikuwa na mwenyewe. Asiyekubaliana nayo alijua ni nani wa kumuuliza, "Hili umelitoa wapi?" Na huko kuuliza si jambo geni kwetu. Wanavyuoni wa Hadithi walitumia umri wao wote katika swali hilo moja: nani kasikia kwa nani, na je, huyo aliyesikia ni mkweli, na je, aliwahi kuonana na huyo anayedai kumsikia? Mnyororo ukikatika mahali pamoja, khabari ilidhoofika, hata ikiwa maneno yake ni matamu namna gani.

Sasa tazama khabari ya simu. Kila inapopitishwa, jina la mtungaji hubaki nyuma, na mpokeaji haoni ila jina la yule wa mwisho aliyemtumia, naye ni shemeji yake, au jirani yake, au mwalimu wa watoto wake. Basi huisadiki khabari kwa sababu amsadiki shemeji yake, na hali shemeji mwenyewe hajui imetoka wapi. Hivi ndivyo uwongo wa mtu asiyejulikana unavyovikwa kanzu ya mtu mwema. Hata wenye WhatsApp wameuona ubaya huo: mwaka 2019 waliweka mpaka, mtu asipeleke ujumbe kwa zaidi ya mahali 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi ukawekewa mpaka wa mahali pamoja tu. Ikiwa wafanyi biashara wameona haja ya kuufunga mlango kidogo, sisi tulioamrishwa katika Sura ya al-Hujurat kuichunguza khabari kabla ya kuitendea kazi tuna udhuru gani?

Watu husema, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo, li njiani laja." Methali hii ni ya wazee wetu, lakini twaitumia kama kwamba ni ushahidi, nayo siyo. Zaidi ya hayo, watu wa Likoni wana sababu ya kuifahamu kwa njia nyengine. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, vilienezwa vikaratasi vya kuwaamuru watu wa bara wahame Pwani. Vikaratasi havikuwa na mwenyewe. Usiku wa tarehe 13 Agosti wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, na nyumba na vibanda vikachomwa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na wengine kwa maelfu walihama makwao wakiacha biashara na masomo ya watoto wao. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa hazijaenea, uvumi ulikwenda kwa miguu na kwa feri, na juu ya hivyo ulifika. Basi neno likisemwa sana huenda likaja kweli, lakini huja kwa sababu limesemwa, na kila aliyelibeba amelisogeza hatua moja.

Atasema msomaji, "Basi dawa ni kunyamaza." La, siyo. Kunyamaza ndiko wapendako wenye nguvu, na kunyamaza huzaa uvumi zaidi ya kuuzima. Tarehe 30 Januari 2018 Serikali ilizima vituo vya televisheni kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga, vikakaa siku kadhaa bila ya kuonekana, hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru viwashwe. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, na baadhi yao vikazimwa. Amri ile ilisimamishwa na Mahakama siku hiyo hiyo. Sasa mtu aliyefungiwa dirisha la khabari iliyo na mwenyewe atafanya nini? Atageukia ile isiyo na mwenyewe. Mtawala azimaye khabari ya kweli ndiye mfadhili mkubwa wa uwongo, ingawa kesho yake ndiye atakayesimama kuulaumu uwongo huo. Wala sheria peke yake haitoshi. Bunge lilipitisha mwaka 2018 sheria ya makosa ya kompyuta yenye adhabu kwa mwenye kueneza khabari za uwongo kwa kusudi, lakini mwenye madaraka huona wepesi kuita uwongo kila neno linalomchoma.

Kwa hivyo hapana budi tupambanue mambo mawili ambayo simu imeyachanganya, nayo ni ushahidi na uvumi. Ushahidi ni lile uliloliona kwa macho yako au lile ambalo asili yake waweza kuionyesha. Huu haifai kuuficha, kwani kuficha ushahidi ni dhambi kama kusema uwongo. Mwezi wa Juni 2025 kijana mmoja aliyekuwa akiuza barakoa mjini Nairobi alipigwa risasi na polisi, naye akafa baada ya siku chache. Lau si picha ya video iliyochukuliwa pale pale, angekuwa mmoja katika wale wanaosemwa yakuwa walikufa katika fujo. Na mwaka 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza katika simu kwa lugha za nyumbani, na mswada wenyewe ulikuwapo kwa atakaye kuhakikisha. Damu ilimwagika tarehe 25 Juni, na siku ya pili Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi. Hayo yalikuwa maneno yenye mwenyewe.

Lakini hata ushahidi una adabu yake, na hapa sisi watu wa kivukoni tuna funzo letu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka juu ya feri ya MV Harambee, likatumbukia katika mlango wa Likoni na ndani yake mama na binti yake mdogo. Abiria walipiga picha, na kabla ya jua kutua picha zile zilikuwa katika simu za nchi nzima. Gari halikutolewa ila tarehe 11 Oktoba. Picha zile zilikuwa na haki upande mmoja: ziliwafanya watu waulize hali ya feri, wapiga mbizi na vyombo vya kuokolea, maswali ambayo watu waliyauliza tangu kuzama kwa feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, walipokufa watu 272. Upande wa pili, kulikuwa na mume na baba aliyekuwa hai, na kila aliyeituma picha ile tena ili kutazamisha tu, alimfufulia msiba wake. Maiti ana haki ya kusitiriwa. Kumpelekea ushahidi mwenye kuweza kurekebisha ni jambo moja, na kuufanya tamasha la jioni ni jambo jengine.

Na sasa yamekuja mengine. Zimezuka mashine za kutunga picha ambayo haikupata kutokea, na sauti ya mtu akisema asiyoyasema. Jicho lililokuwa hakimu limekuwa nalo lahitaji shahidi. Kwa hivyo kila mmoja ajiulize mambo matatu kabla ya kidole chake kugusa: Je, najua imetoka wapi? Je, ningeisema mimi mwenyewe barazani, kwa jina langu, mbele ya huyo anayetajwa? Je, nimtumiaye ana lipi la kufanya nayo ila kuogopa au kuchukia? Ikiwa jawabu ni hapana katika moja ya hayo, naiishie kwake. Khabari iliyoishia kwako haikukupunguzia kitu.

Twadai, na ni haki yetu kudai, yakuwa Serikali isitufunge vinywa. Lakini dai hilo halina nguvu katika kinywa cha mtu asiyeuogopa uwongo wake mwenyewe. Kila uchaguzi ukaribiapo watakuja wenye vikaratasi vipya, nao hawatahitaji tena kupiga chapa wala kuvuka kivuko usiku, kwani wametuajiri sisi bila ya mshahara. Tukatae kazi hiyo. Kidole ni ulimi, na kila mtu ataulizwa kwa aliyoyatamka.