Uzi Hauna Kosa, Tazama Tundu

 

Wapendwa vijana, leo tutafakari kupitia zeze. Wengi mnalijua kwa sababu ya hayati Hukwe Zawose, Mgogo aliyelipiga hadi Ulaya, akafariki mwaka 2003. Zeze ni kibuyu, mti, nyuzi, na vigingi vya kukazia nyuzi hizo. Kigingi hakina gundi wala nati, kinabanwa na mti tu. Hata piano ni hivyo hivyo: pini zake za chuma ni zaidi ya 200, na kinachozishika ni ubao.

Sasa huku Mtumba, kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hamna. Mti unakauka, unasinyaa, kigingi kinaanza kuteleza. Unakaza uzi, sauti inakaa vizuri, nyimbo mbili tu imeshuka. Unakaza tena, inashuka tena. Nilimwuliza babu mmoja anayetengeneza mazeze, "Babu, si bora ununue uzi mpya?" Akacheka. "Mjukuu wangu, uzi hauna kosa. Tazama tundu."

Si ndivyo tunavyoishi? Kongamano la vijana likiisha tunarudi na moto. Rozari kila siku, Misa za asubuhi, simu tumeiweka pembeni. Wiki ya tatu, kimya. Basi tunatafuta semina nyingine, novena nyingine, mhubiri mwenye sauti kubwa zaidi. Yaani tunakaza uzi kila siku, na uzi ukikazwa sana mwisho unakatika. Wapo vijana walioacha kusali kabisa wakidhani wao hawafai, kumbe hawakuwahi kuangalia kinapobana kigingi.

Babu alifanyaje? Kwanza alikichomoa. Akakwangua pale palipong'aa kwa kuteleza, akapaka chaki, akakirudisha huku akikizungusha na kukisukuma ndani. Kuna tundu moja lilikuwa limepanuka mno. Hilo alilichongea kigingi kinene kidogo.

Kuchomoa na kukwangua, hiyo ni Kitubio. Usiseme tu "nimelegea kiimani". Sema pale unapoteleza: ni saa tano usiku na simu kitandani, au ni rafiki fulani, au ni hasira kwa mzazi. Kisha weka kigingi kinachotosha tundu lako: dakika 10 za Injili, saa ile ile, mahali pale pale, hata siku usiyojisikia. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba fadhila hukua kwa matendo yanayorudiwa. Hisia za kongamano pekee hazitoshi.

Tena jambo hili si lako peke yako. Katika Isaya 22, Mungu anaahidi kumkaza Eliakimu kama kigingi mahali imara. Somo la Jumapili ya 21 ya Mwaka A linaishia aya ya 23, lakini wewe endelea mpaka ya 25. Vyombo vyote vya nyumba ya baba yake vinatundikwa hapo, kuanzia vikombe vidogo hadi mabakuli. Halafu kuna onyo: kigingi kikiachia, vyote vinaanguka. Jiulize, nani ametundikwa kwako? Mdogo wako anayetazama kama bado unaenda Misa? Rafiki aliyerudi kanisani kwa sababu yako? Mwanakwaya mwenzako?

Mzigo huo unatisha, lakini hapo ndipo ilipo Habari Njema. Kigingi hakijishiki chenyewe, kinashikwa na mti. Nasi hatudumu kwa nguvu zetu, tunashikwa na mti wa Msalaba. Kazi yetu ni kukubali kusukumwa ndani zaidi, kila siku kidogo.

Ee Yesu, utukwangue tunapoteleza, utukaze ndani yako, ili waliotundikwa kwetu wasianguke. Amina.