Ni nani aijuaye baridi ya mzee?

Katika nchi ya Uingereza wako wazee wengi wakaao katika nyumba za kutunzia wazee. Majira ya baridi yajapo, mtumishi huenda huku na huku, hutandika, huinua, hata jasho humtoka. Mzee naye ameketi kitini tangu asubuhi. Chumba ni kimoja, lakini joto lao si moja. Basi twauliza: mwili wa nani uwe kipimo?

Wengine husema, “Mwulizeni mzee mwenyewe.” Neno hili ni jema, maana mzee si mtoto, wala uzee haumwondolei mtu heshima yake. Lakini halitoshi. Mwili uliozeeka huchelewa kutambua baridi. Tena wako wasiopenda kusumbua watu, nao hujibu, “Sijambo,” hali mikono yao imepoa. Na baridi hiyo hupandisha shinikizo la damu na kuulemea moyo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika nchi za baridi joto la nyumba lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi, na huenda wazee wakahitaji zaidi. Kwa hiyo kipimajoto na kiwekwe karibu na kiti cha mzee, si penye njia ya watumishi. Yatupasa kumwuliza, na kupima, na kumshika mkono. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo atembeaye hamjui aketiye.