Mrehani Chini ya Taa

Kiangazi cha Maskati madirisha hufungwa mwezi wa Mei yakangojea Oktoba. Miezi yote hiyo nyumba huishi kwa kiyoyozi, na mimea ya ndani huishi hivyo hivyo pamoja nasi. Katika sebule yetu ya Al Khuwair nilikuwa na vyungu vinne vya mrehani na kimoja cha asumini, nimevipanga ukutani, chini ya kiyoyozi. Julai udongo ukaota utando mweupe kama pamba. Wiki moja baadaye ukuta nyuma ya vyungu ukatoka madoa meusi.

Nikampigia mama, aliye Seeb. "Mwanangu," akasema, "kwanza tazama maji yanatoka wapi."

Sikutazama. Nilikuwa na haraka ya kuua kuvu, na dukani nikaonyeshwa taa ya mionzi ya urujuanimno, inayotoa na ozoni pia. Muuzaji akaniambia nyumba itanukia usafi. Nikaiweka sakafuni, nikaielekeza kwenye vyungu, nikafunga mlango. Usiku ule niliingia mara tatu kuigeuza huku na huku, macho matupu.

Saa saba za usiku macho yakaanza kuniwasha kama yaliyotiwa mchanga. Sikuweza kuyafumbua hadi alfajiri. Mionzi ya aina hii huunguza ngozi laini ya jicho bila mtu kuhisi, maumivu yakaja baada ya saa kadhaa. Asubuhi mdogo wangu, mwenye pumu, akafungua mlango wa sebule. Chumba kilinuka kama hewa baada ya radi. Hakumaliza hata salamu. Kifua kikambana, tukakimbilia dawa yake ya kuvuta. Hilo najilaumu nalo mpaka leo.

Harufu ile ndiyo ozoni yenyewe. Schönbein, mkemia wa Basel aliyeitambua mwaka 1839, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. "Usafi" nilioahidiwa dukani ulikuwa gesi ikiingia mapafuni mwetu. Kule Marekani mfanyakazi haruhusiwi kuvuta zaidi ya sehemu 0.1 ya ozoni katika sehemu milioni za hewa kwa saa nane, na wakala wa mazingira wa nchi hiyo umeeleza kwamba ozoni isiyozidi viwango vya usalama wa afya haifui dafu mbele ya kuvu. Ukitaka iiue, itabidi ijae mpaka imdhuru kwanza aliye ndani. Nami, kwa kutojua, nikaongeza kosa: nikafukiza ubani kuondoa harufu. Ozoni hushambulia mvuke wa utomvu kama huo, na katika mchanganyiko wao huzaliwa formaldehaidi.

Mrehani haukupona. Jani hupumua kwa vitundu vidogo mno, na ozoni hupita humo humo. Miaka ya 1950 huko California watafiti waligundua kwamba madoa yaliyokuwa yakitokea kwenye majani ya mizabibu yalisababishwa na gesi hii. Majani yaliyoikabili taa yalijikunja yakageuka rangi ya shaba. Yaliyojificha nyuma yakapata vidoa vidogo vidogo vyeupe. Asumini ikaangusha vitumba vyake vyote.

Kuvu je? Mwanga huua unapofika tu. Nyuma ya vyungu, penye kivuli, na ndani ya udongo, kuvu ilikuwa salama kabisa, na baada ya siku tisa ilikuwa imerudi.

Ijumaa mama akaja. Hakuitazama taa. Alisogeza chungu, akabandika kiganja ukutani, akakiondoa kimelowa. Fundi alipofungua kiyoyozi tukaona mpira wa kutolea maji umezibwa na vumbi na utelezi, maji yakichuruzika nyuma ya rangi ya ukuta. Kisha mama akainua visahani vya vyungu, vyote vimejaa. "Umeinywesha kama iko shambani," akasema. Kweli, chumba cha baridi kisicho na jua hakikaushi udongo. Halafu, ingawa madirisha hufungwa msimu huo, usiku nilikuwa nikifungua dirisha kupisha hewa, na hewa ya Julai ya pwani yetu, nzito kwa unyevu, ikikutana na ukuta baridi huutoa jasho.

Mpira ukazibuliwa. Ukuta tukausugua kwa sabuni, tukauwekea feni siku mbili. Udongo wa juu tukautupa. Nikanunua kipimo cha unyevu. Sasa sikiachi kipite asilimia 60. Taa za mionzi ya urujuanimno zina kazi yake, hasa ndani ya mitambo mikubwa ya viyoyozi, zikimulika mabomba ya baridi mahali ambapo jicho wala jani halifiki. Sebuleni hazina nafasi.

Kitawi kimoja cha mrehani kilikuwa bado kibichi, kile kilichoegemea pazia. Mama alikikata kwa kucha, akakitia kwenye glasi ya maji, akakipakata mpaka Seeb. Mwezi uliofuata kilirudi na mizizi. Kimekaa karibu na dirisha, hatua nne kutoka ukutani, na kisahani chake kikavu.