Tangi Lililozibwa na Abiria Asiyejua

Twataka kuwauliza neno moja. Mtu ana pikipiki ya kuchukulia abiria, na tangi lake la mafuta lavuja tone baada ya tone. Akaliziba kwa namna aijuayo, likaacha kuvuja. Kisha akampakia mtu kutoka Tabora kwenda Sikonge, asimwambie lolote. Je, amemkosea abiria yule, hata kama wamefika salama?

Wengi watajibu mara moja: Hakumkosea, maana hakuna aliyeumia. Sisi twaona jibu hili ni la haraka mno; tena hatuwezi kulipima tusipojua kwanza kuziba kwenyewe kulivyo.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina tangi la chuma, lakini ziko nyingine, hasa zilizoundwa kwa njia za porini, zenye tangi la plastiki. Plastiki haishiki kutu, walakini gundi nayo haishikamani nayo vema: leo yaonekana imekaza, kesho yabanduka. Fundi ajuaye kazi hulishusha tangi, huyamwaga mafuta yote, huliosha kwa maji na sabuni mara nyingi, kisha huliacha wazi penye upepo siku kadhaa. Ndipo huyeyusha plastiki ya namna ile ile juu ya ufa kwa chuma cha moto, hata viwe kitu kimoja. Akifanya haraka, ajitafutia mauti. Kinachowaka si mafuta yenyewe, ila mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa tu bila kuoshwa limejaa mvuke huo. Nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini chini hata ulikute jiko la jirani. Moto wa Msamvu, Morogoro, wa Agosti 2019, ulioua watu zaidi ya 100 penye lori la mafuta lililopinduka, haufai kusahauliwa na yeyote ashikaye petroli.

Lakini dereva wetu hana siku kadhaa. Huchukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua katika ufa. Huu si ujinga, maana sabuni haiyeyuki katika petroli, nayo yaweza kumfikisha mtu kwa fundi. Ila mvua huiosha, na mtikiso wa barabara huitoa. (Nta ya nyuki, ambayo nchi ya Tabora ina sifa nayo, haifai kabisa, petroli huiyeyusha.)

Basi turudi kwa abiria. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwako pori liitwalo Mgunda Mkali, ambalo maji yake ni haba. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilivuka na mizigo mabegani. Na tumwaze mmoja wao ambaye kibuyu chake kilipasuka jana, akakishona na kukiziba. Kushona kibuyu si aibu. Lakini aingia porini, na wenzake wanahesabu maji yake pamoja na maji ya wote, naye amenyamaza. Kibuyu kikashika mpaka mwisho. Je, hakuwatenda baya? Twasema aliwatenda. Huenda wangeazima kibuyu kingine, au wangetembea usiku, au wangengoja siku moja. Shauri hilo lilikuwa lao, naye aliwanyang'anya; na kibuyu kushika hakukuwarudishia.

Dereva atatujibu: Nikisema, abiria atapanda pikipiki nyingine, na watoto wangu watalala na njaa. Neno hili ni zito. Wengi wao si wenye pikipiki. Kila jioni wana hesabu ya kumpelekea tajiri, tangi livuje lisivuje. Twaona tajiri adaiye hesabu nzima siku ya ufa ana sehemu kubwa ya lawama, pengine kubwa kuliko ya dereva. Hata hivyo, litazameni jibu lile. Lasema kwamba abiria angejua angekataa. Basi dereva hakunyamaza kwa kusahau, wala kwa kuona kwamba jambo ni dogo. Alinyamaza kwa sababu alilijua jibu la mwenzake, akaona heri asilisikie.

Iko habari iliyo ngumu zaidi. Ni usiku, kijijini mbali upande wa Ulyankulu, mama ana uchungu wa kuzaa, wala hakuna chombo kingine ila pikipiki iliyozibwa kwa sabuni. Dereva akawaambia kweli, nao wakasema, Twende. Sisi hatuthubutu kumlaumu, maadamu ufa umekauka naye ameupapasa kwa mkono kabla ya kuondoka. Lakini ikiwa tone lingali likidondoka juu ya injini ya moto, ridhaa ya mama yule haitoshi, maana mwenye uchungu atakubali chombo chochote. Hapo dereva aizime pikipiki, aisogeze mbali na moto wa jikoni, na wanaume waliopo watandike kitanda cha kuchukulia, waanze njia kwa miguu, huku mmoja akitangulia mbio kuamsha wenye gari.