Karama na Wenye Kuidai

Filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 2005, No Direction Home, yatuonyesha mwimbaji Bob Dylan, kijana wa Hibbing, Minnesota, aliyeliacha jina la Zimmerman akafika New York mwaka 1961, akamzuru Woody Guthrie, mwimbaji wa nyimbo za kale, aliyekuwa akiugua hospitalini. Wala haikupita miaka mingi ila watu walikuwa wamekwisha kumfanya msemaji wao, cheo ambacho mwenyewe alikikana. Hatimaye, Mei 1966, katika ukumbi wa Manchester, kwa kuwa ameshika gitaa la umeme badala ya lile walilolizoea, sauti moja kutoka miongoni mwa hadhira ikamwita Yuda.

Tuhuma hiyo ni nzito mno, kwani Yuda alimsaliti aliyemwamini. Basi yapasa tuulize, amana iliyodaiwa kuvunjwa ilikuwa ya nani? Wapenzi wa nyimbo za kale waliidhani yao, wala hawakukosa hoja kabisa, maana nyimbo zile Dylan alizirithi kwa watu. Lakini karama, kwa itikadi yangu, ni hiba ya Mola kwa mja wake, na atakayemhoji juu yake ni Aliyempa, si waliomsikiliza. Pale ukumbini, Dylan aliwageukia wapiga ala wenzake, akawaamuru wapige kwa kishindo zaidi, nao wakapiga.